Mkono Ndani ya Chura

Ukimtazama Kermit, yule chura wa kikaragosi, kwa makini utaona kwamba hana uso wa kusema mengi. Ni kitambaa cha kijani, macho mawili yasiyopepesa na mdomo unaofunguka na kufungika, basi. Ndani ya kichwa hamna mashine. Mna mkono wa mtu. Jim Henson alipomshona Kermit wa kwanza mwaka 1955 alichukua koti kuukuu la mama yake, na macho akayapata kwenye mpira wa ping-pong uliokatwa katikati. Yule anayeongoza kundi la vikaragosi katika The Muppets Take Manhattan, filamu ya mwaka 1984, alikuwa amebadilika umbo na kitambaa, ila mkono ulikuwa uleule. Chura akiudhika, Henson anakunja vidole na uso mzima unajikunyata. Akikata tamaa, kifundo cha mkono kinalegea kidogo, kichwa kinainama. Mtazamaji hafikirii vidole hata mara moja. Anamwonea chura huruma.

Wakenya waliokuwa wakifuatilia kipindi cha vikaragosi cha The XYZ Show tangu 2009 wanazijua sura za mpira za wanasiasa zilizobuniwa na mchora katuni Gado na wenzake. Kule kazi kubwa ni ufanano: ukimwona tu unamtambua, unaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Kermit hafanani na mtu yeyote. Kila kitu chake, aibu, ukaidi, mapenzi, lazima kijengwe kwa mwendo peke yake, na ndiyo maana namhesabu kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za uigizaji zilizowahi kupita kwenye filamu.

Hadithi yenyewe ni rahisi. Kermit na wenzake wanamaliza chuo wakiwa na mchezo wa muziki walioutunga wenyewe, uitwao Manhattan Melodies. Wanafunzi wenzao wameushangilia, kwa hiyo wanafunga safari kwenda New York kuupeleka Broadway. Jiji haliwataki. Wanalala ndani ya makabati ya kuwekea mizigo kwenye stesheni ya basi, tapeli anajaribu kuwakamua fedha, milango inafungwa mmoja baada ya mwingine. Mwishowe kundi linasambaratika: Rowlf anakwenda kufanya kazi mahali pa kutunzia mbwa, Scooter anaonyesha watu viti katika ukumbi wa sinema, Fozzie anajaribu kulala majira ya baridi pamoja na dubu wengine. Kermit anabaki jijini, akifanya kazi katika mgahawa mdogo wa Pete.

Mgahawa huo ndio unaonivuta kila mara, kwa sababu ya panya. Jikoni kuna kundi la panya, Rizzo akiwa mbele yao, nao wanapika kifungua kinywa huku wakiimba. Wanajifunga vipande vya siagi miguuni na kuteleza juu ya bamba la moto kana kwamba wako kwenye uwanja wa barafu. Kinachoendelea ni jambo ambalo mkaguzi yeyote wa afya angelifungia mgahawa, ila huwezi kuliona hivyo, maana kila panya anaonekana kuipenda kazi yake. Huyu anasukuma yai, yule anageuza kichwa kuhakikisha mwenzake hajachelewa. Hakuna aliyewekwa pale kujaza nafasi.

Hapo ndipo ulipo ugumu wa ufundi huu. Kikaragosi kinachosema kina nusu ya uhai tayari, kwa kuwa sauti inakibeba. Kisichosema, ukikiacha kimya sekunde mbili tu, kinageuka kitambaa mbele ya macho yako. Kwa hiyo mchezeshaji hujifunza kusikiliza kwa mkono. Mwenzake akitaja jina, kichwa kigeuke. Habari mbaya ikifika, pumzi ishuke kifuani pasipo na kifua. Tazama wale marafiki siku Kermit anapowafokea kwa uchovu. Yeye ndiye anayepiga kelele, lakini uchungu uko kwao walionyamaza, wanaoanza kuelewa kwamba wamekuwa mzigo kwake. Uamuzi wao wa kuondoka unaaminika kwa sababu tumewaona wakisikia.

Na haya yote yanafanywa mkono ukiwa juu. Mandhari hujengwa juu ya majukwaa yaliyoinuliwa ili wachezeshaji wasimame chini yake. Penginepo hulala chali sakafuni au hujibana nyuma ya kaunta. Hawawaangalii vikaragosi wao. Wanaangalia televisheni ndogo inayoonyesha kile kamera inachokiona, na picha hiyo si kama ya kioo: ukipeleka mkono kulia, kwenye picha chura anakwenda kushoto. Anayeanza kazi hii hupotea kabisa. Mkono wa kulia umo kichwani, wa kushoto unashika vijiti vyembamba vinavyosogeza mikono ya kikaragosi, na ndiyo sababu vikaragosi wengi wa kundi hili wanatumia zaidi mkono wa kushoto. Rowlf na Fozzie wanahitaji watu wawili kila mmoja, kwa kuwa mikono yao ni mikono halisi ya binadamu ndani ya glavu. Mtu mmoja ana kichwa na mkono wa kushoto, mwingine ana wa kulia, na hao wawili lazima wakune kichwa kimoja kwa wazo moja.

Frank Oz aliongoza filamu hii, ikiwa ya kwanza kuiongoza peke yake, huku yeye mwenyewe akiwachezesha Miss Piggy, Fozzie na Animal. Maana yake ni kwamba mtu aliyeamua kamera ikae wapi ndiye pia aliyekuwa chini, mkono juu, akiwa nguruwe mwenye wivu anayemfukuza mwizi wa mkoba katika Central Park. Nadhani ndiyo maana filamu ina upole kwa wasanii wasio na kazi. Imetengenezwa na watu walioijua kazi ya jukwaani kutoka upande wa sakafu.

Karibu na mwisho mchezo unapata ukumbi, lakini Kermit anahisi kuna kitu kimepungua. Kisha anawatazama vyura, mbwa, dubu na kuku wote waliokuja kutoka huku na huku, akatambua kwamba ndio waliokosekana. Wote wanaingia jukwaani. Kwenye harusi ya Kermit na Miss Piggy ya kufungia onyesho wanajaa hata jamaa wa Sesame Street, kipindi ambacho baadaye kilizaa Kilimani Sesame ya Tanzania. Kiti kwa kiti, kila kichwa kina mkono wake, na walio safu za nyuma wanatikisa vichwa kwa bidii ileile ya walio mbele. Mimi huwatazama hao wa nyuma kuliko maharusi.

Henson alifariki New York mwezi Mei 1990, akiwa na umri wa miaka 53. Kermit alikabidhiwa Steve Whitmire, yuleyule aliyekuwa ndani ya Rizzo kwenye jiko la Pete. Tangu 2017 anachezeshwa na Matt Vogel. Sauti imebadilika kidogo kila mara, na wenye masikio makali huisikia tofauti. Vidole bado vinakunjwa vilevile chura akiudhika, kwa sababu kuna mtu aliyekaa karibu na Henson miaka mingi akitazama mkono unavyofanya, kisha naye akatazamwa.