Anni Albers na Swali la Ujumbe

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna ugonjwa mmoja. Tukiwekewa kazi yoyote ya sanaa mbele yetu, tunauliza kwanza: ujumbe wake nini? Tumekariri kwamba fani na maudhui ni sura mbili za sarafu moja, lakini mtihanini sarafu hiyo tunaipasua. Maudhui kurasa nne. Fani nusu ukurasa, tena mbiombio. Katika makala haya nataka kuutazama ugonjwa huo kupitia mfumi wa Kijerumani, Anni Albers (1899–1994), ambaye kazi zake zinalikataa swali letu.

Aliingia chuo cha Bauhaus, Weimar, mwaka 1922 akitamani karakana ya vioo. Wapi! Wanawake walisukumiwa kwenye ufumaji, naye akaenda shingo upande. Mwaka 1930 alipata diploma kwa kitambaa cha ukutani cha ukumbi wa shule huko Bernau: upande mmoja kinameza sauti, upande wa pili kinarudisha mwanga. Nani hapo atatenga fani na maudhui?

Mwaka 1933 Bauhaus ilifungwa kwa shinikizo la Wanazi. Albers, mwenye asili ya Kiyahudi, na mumewe, mchoraji Josef Albers, walihamia Marekani, akafundisha chuo cha Black Mountain, North Carolina, hadi 1949. Hapo ndipo ninapompendea. Wanafunzi hakuwakabidhi kitanda cha mfumi siku ya kwanza. Aliwataka wajidhanie wako jangwani Peru, hawana nguo wala chombo, waanze kubuni. Punje za mahindi, majani, karatasi iliyosokotwa: hivyo vilikuwa vifaa vyao vya kujifunzia. Mkono ujue kwanza ukavu na ulaini wa kitu, mtande na mshindio baadaye. Hebu fikirini, wenzangu, mhadhiri wa ushairi atunyime vina, mizani na istilahi zote, atupeleke kituo cha basi kusikiliza watu wanavyopandisha na kushusha sauti. Wangapi tungebaki darasani?

Kuna ajabu ya majina. Maandishi ya Kale (1936), Barua ya Wazi (1958), Haiku (1961). Mhakiki anajilamba, anadhani kapata matini. Anasogea: hata herufi moja hamna! Kuna mistari, mapengo, uzi unaoruka uzi. Chimbuko lake lisitupite. Tangu 1935 Albers alikuwa akisafiri Mexico, na vitambaa vya kale vya Peru alivichunguza maisha yake yote. Huko Andes, kabla ya Wahispania, watu hawakuwa na alfabeti. Hesabu na kumbukumbu waliziweka katika mafundo ya kamba.

Kazi inayonisumbua zaidi ni Sala Sita (1966), ambayo nimeiona vitabuni tu. Ni paneli sita za pamba, kitani na uzi wa rangi ya fedha, zilizoagizwa na jumba la makumbusho la Kiyahudi la New York kuwakumbuka Wayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi. Ungetarajia majina, tarehe, kilio. Unakuta nyuzi zinazotambaa kama mwandiko usiosomeka. Wapo watakaosema huku ni kukwepa. Sikubali. Angeandika sentensi, tungeinukuu na kwenda zetu. Asipoiandika, tunabaki tumesimama pale.

Tuje nyumbani. Kanga ina pindo, mji na jina. Sisi tunapoihakiki tunachukua jina peke yake, tunaliweka kwenye fungu la methali, basi. Pindo na mji havitajwi, kana kwamba dukani wanawake hununua sentensi. Najua wapo wanaochagua kanga kwa jina. Lakini mvaaji hajifungi maneno matupu. Rangi na mapambo vinasema nini juu ya jina lile, au vinalipinga? Tasnifu ya namna hiyo ningeisoma usiku kucha.

Lipo ninalomlaumu Albers. Kitabu chake On Weaving (1965) alikitabaruku kwa wafumi wa Peru ya kale, akiwaita walimu wake wakuu. Ni heshima kubwa, nami namsifu kwayo. Lakini wafumi wa Andes waliokuwa hai mwaka ule hawamo katika tabaruku hiyo, na walikuwa bado wakifuma, kwa kitanda kilekile cha kufunga kiunoni alichowafundishia wanafunzi wake Marekani.