Asili ya Nani Mezani?

Neno "asili" limechakaa. Hoteli nyingi za Kilebanoni, kuanzia Beirut hadi Paris, huliandika mlangoni. Lakini hebu tujiulize, jamani: asili ya nani hiyo?

Ukikaa tu, meza inajazwa visahani. Hiyo ndiyo meze, na msomaji asidhani ni kumeza kwetu. Maana yake ni vionjo. Kuna hummus, yaani dengu zilizopondwa na ufuta na ndimu. Kuna tabbouleh: majani ya paseli yaliyokatwa laini, nanaa, nyanya, na chenga za ngano kidogo tu. Kisha mishikaki. Watu hula taratibu wakipiga soga, pengine na araki, kinywaji kikali cha zabibu kinachogeuka cheupe kikitiwa maji. Zahle, mji wa kando ya mto Berdawni, ulijenga jina kwa hoteli za namna hii, na mwaka 2013 UNESCO ikauingiza katika miji yake ya mapishi.

Utamu wake sikatai. Kasoro ni kwamba hiki ni chakula cha siku ya kutoka, si cha siku zote. Mujaddara je? Adesi na mchele, juu yake vitunguu vilivyokaangwa hadi vikaiva rangi: chungu cha mnyonge, chungu cha Kwaresima. Hicho mara nyingi huachwa nyumbani, eti hakimfai mgeni. Hata kibbeh, nyama iliyotwangwa na ngano, kwenye orodha ya vyakula ni neno moja tu. Kumbe Zgharta huijaza mafuta ndani wakaichoma, pwani huifanya kwa samaki, na wakati wa mfungo hufanywa kwa boga. Hoteli imefuta vijiji, ikabakiza bendera.

Na bendera hiyo si mchezo. Mwaka 2010 wapishi 300 walitengeneza sahani moja ya hummus yenye kilo 10,452, sawa na kilomita za mraba za Lebanoni, ili waipiku rekodi ya Israeli. Ushindi, haya. Ladha ya kijiji ilikuwa wapi?

Ndiyo maana jaribio la Kamal Mouzawak lina uzito. Mwaka 2004 alianzisha Souk el Tayeb, soko la wakulima. Mwaka 2009 akafungua Tawlet mjini Beirut, jina lenye maana ya meza. Kila siku jiko lilikabidhiwa mpishi mwingine, wengi wao akina mama wa vijijini, apike cha kwao. Chungu cha nyumbani kikatoka sebuleni.

Lakini tuseme kweli. Tangu 2019 lira iliporomoka, kutoka 1,507 kwa dola hadi karibu 90,000 mwaka 2023. Kwa mwenye mshahara wa lira, kulipia hotelini hata chakula cha bibi yake kukawa ndoto. Na bandari ya Beirut ilipolipuka tarehe 4 Agosti 2020, Souk el Tayeb walianzisha Matbakh el Kell, jiko la wote, wakiwapikia walioathirika. Kwa maoni yangu, hapo ndipo asili ilipopatikana, na wala haikuandikwa mlangoni.

Basi, ndugu msomaji, usihesabu visahani. Uliza mpishi ni wa kijiji gani, na kama mujaddara ipo.