Habari za Wakilindi: Deni la Uarabuni na Nyama ya Mbega

Kila inapotajwa hadithi ya kale ya Kiswahili, sisi watu wa visiwani huanza upesi kuhesabu madeni: hiki kimetoka Uarabuni, kile Uajemi, kingine Bara Hindi. Hesabu hiyo si ya uongo. Kima wa Kisa cha Punda wa Dobi, ambacho Edward Steere alikichapisha mwaka 1870 pamoja na ngano nyingine alizozikusanya Unguja, anamdanganya papa kuwa moyo wake ameuacha mtini. Kima huyo ni msafiri mkongwe: alitoka katika Panchatantra ya Kihindi, akapitia Kalila wa Dimna ya Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, ndipo akatia nanga kwetu. Ila wahesabuji wengi, wakishaliandika jina la mkopeshaji, hufunga daftari. Alichokifanya mkopaji kwa mali ile hawakiulizi.

Wakorea nao wana mjadala wa namna hii. Katika karne ya 15 Kim Si-seup aliandika Geumo Sinhwa kwa lugha ya maandishi ya Kichina, akiufuata mfano wa Jiandeng Xinhua, kitabu cha Qu You wa China. Deni liko wazi, wala hakuna alifichaye. Hata hivyo mizuka na wapenzi wake hawakukaa China. Aliwaweka Namwon, Kaesong na Pyongyang, wakaililia historia ya huko.

Kwetu mfano ulio karibu zaidi na huo hauko mjini Unguja. Uko bara, katika nchi ya Handeni na Korogwe. Nakusudia Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi ‘lAjjemy, kilichopigwa chapa sehemu kwa sehemu na misheni ya Magila mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, kisha kikatolewa Nairobi mwaka 1962 chini ya uhariri wa J.W.T. Allen. Mwislamu wa pwani anaandika masimulizi ya wafalme wa milimani, na Wakristo wanamchapishia! Hata hilo jina lake, Ajjemy, ndilo neno ambalo Waarabu humwitia asiyekuwa wao.

Umbo la kitabu ni la kimapokeo ya Kiarabu. “Habari” ni neno la wanatarikh. Wafalme wanafuatana nasaba kwa nasaba, na sifa ya kwanza ya mtawala ni ukarimu. Hata Mbega, mwanzilishi wa ukoo, ukimtazama kwa mbali utamdhania Antara: mtu aliyekataliwa na jamaa zake, akaondoka, akaupata utukufu ugenini. Wapo watakaotosheka na mlingano huo. Mimi haunitoshi, kwani Antara alidharauliwa kwa kuzaliwa na mama mtumwa wa Kihabeshi, na Mbega aliogopwa kwa kuwa ni kigego, aliyetangulia kuota meno ya juu. Hofu hiyo ni ya Nguu na Usambara, nayo ndiyo inayoisukuma hadithi. Mbega anakosa urithi, anakwenda Kilindi, mtoto wa mkubwa wa huko anafia mawindoni akiwa naye, na inambidi akimbie tena. Kilindi hiyo, iliyowapa ukoo jina, ilikuwa sehemu ya Handeni hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2002.

Ukarimu wenyewe nao utazame. Hatim wa Tai alisifiwa kwa kuchinja ngamia wake kwa ajili ya wageni. Mbega anapanda milima ya Usambara na mbwa wake, anawaua nguruwe wanaoharibu mashamba ya watu, anawagawia nyama, nao wanampa vyakula vya shambani. Kwa nyama hiyo anafika Vugha na kuwa mfalme. Basi hapa ndipo mwandishi wetu alipotiwa mizani. Angeweza kuwageuza nguruwe wakawa swala, pasiwe na msomaji wa Tanga wala wa Pangani wa kulalamika. Tena wengi wangestarehe. Hakuwageuza. Kalamu iliyofunzwa kumsifu karimu kwa ada ya Kiislamu inamsifu mwindaji wa nguruwe bila kumwombea radhi.

Kwa nini? Nadhani jawabu liko Mazinde. Atokaye Korogwe kwenda kaskazini, akishapita Mombo, huipata Mazinde chini ya majabali. Huko Semboja, mwana wa Kimweri, alihamishia makao yake ili awe kando ya njia ya misafara, akavaa mavazi ya Kiarabu. Na huko ‘lAjjemy alimtumikia. Alikaa kwa mtu ambaye mwenyewe alikuwa amekopa umbo la Kiarabu na nguvu zake zikitoka kwa Mbega. Aliyaona yote mawili kila siku, akajua lipi ni vazi na lipi ni mwili.

Sisemi kitabu hakina ila. Vita vya baada ya kufa Kimweri mwaka 1862 vinajaza majina hata msomaji akapotea njia, na mwandishi aliyeyashuhudia mengi anaacha kuwa msimulizi, akawa karani wa bwana wake. Mbega ambaye hakumwona alimwandika vizuri zaidi kuliko Semboja aliyekula naye.