Jinsi ya Kupima Uhariri wa Filamu Inayowania Oscar

Kila mwaka orodha ya wateule wa Oscar ikitoka, mashabiki hubishana kwa kina juu ya waigizaji na waongozaji, lakini wakifika kwenye uhariri hutupa neno moja na kupita: filamu ina kasi, basi inastahili. Kupenda kasi si kosa. Ila tuzo hii, iliyoanza na filamu za mwaka 1934, haikuwekwa kwa ajili ya kasi, na anayetaka kubishana kwa hoja anahitaji kipimo kingine. Ninachokitetea ni hiki: mkato mzuri ni ule ambao sababu yake unaweza kuionyesha kwenye skrini, na mhariri hodari unamjua kwa pale alipokataa kukata kama unavyomjua kwa pale alipokata.

Anza na mfano mbaya, maana mbaya huonekana upesi. Februari 2019 John Ottman alipewa Oscar ya uhariri kwa Bohemian Rhapsody, na haukupita muda mrefu kipande kimoja cha filamu hiyo kikasambaa mitandaoni. Wanamuziki wa bendi ya Queen wameketi mezani nje ya baa, meneja John Reid anafika, wanazungumza. Hakuna jambo zito linalotokea pale. Hata hivyo picha inaruka kutoka uso huu kwenda ule, kisha kwenye mwingine, mara nyingi kwa mtu ambaye hasemi kitu wala hajabadilika sura. Kitazame bila sauti, na kila picha inapobadilika ujiulize umepewa nini ambacho hukuwa nacho sekunde moja kabla. Mara nyingi jibu litakuwa hakuna. Ottman mwenyewe alikiri hadharani kwamba kipande hicho hakimridhishi. Wanaomtetea wanakumbusha kwamba mwongozaji Bryan Singer alifukuzwa kabla upigaji picha haujaisha, hivyo mhariri alikuwa na kazi ya kuiokoa filamu. Utetezi huo ni wa kweli na unamstahilisha heshima, tena lile onyesho la tamasha la Live Aid mwishoni limekatwa kwa ufundi. Lakini mtazamaji hapimi taabu aliyoipata fundi. Anapima kilichobaki kwenye skrini, na tuzo nayo ifanye hivyo.

Sasa linganisha na 12 Years a Slave ya mwaka 2013, filamu iliyompa Lupita Nyong'o Oscar yake. Solomon Northup, anayeigizwa na Chiwetel Ejiofor, ametundikwa kwa kamba kwenye tawi la mti. Waliotaka kumuua wamefukuzwa na msimamizi wa shamba, lakini msimamizi huyo hakumfungua. Vidole vya miguu vinagusa tope kwa shida, vinateleza, vinatafuta tena pa kukanyaga. Mhariri wa kawaida angekimbilia uso, halafu kamba, halafu miguu, halafu uso tena, ili tujue kwamba mtu anateseka. Mhariri wa filamu hii, Joe Walker, anatuacha kwenye picha ya mbali, nasi tunabaki hapo hadi tunaanza kuona kilicho nyuma: watumwa wengine wanatoka vibandani na kurudi kwenye shughuli zao, watoto wanacheza. Hapo ndipo kitisho kilipo. Mateso ya mtu mmoja yamekuwa sehemu ya mchana wa kawaida, na hilo lisingeonekana kama picha zingekuwa fupi, kwa kuwa jicho huhitaji muda kuondoka kwa anayening'inia na kutazama wanaopita. Mkato unapokuja, unamleta mwanamke anayemnywesha maji kwa haraka, mwenye hofu ya kuonekana. Sababu yake iko wazi. Walker aliteuliwa lakini hakushinda. Tuzo ilikwenda kwa Gravity, ambayo nayo imejengwa kwa picha ndefu mno. Kwa hiyo si kweli kwamba wapiga kura wa Oscar hawaoni ila mbio.

Mtu atauliza: je, basi polepole ndiyo bora? Hapana. Mad Max: Fury Road ina mikato ipatayo 2,700 katika saa mbili, na mhariri wake Margaret Sixel aliichambua kutoka kwenye saa zaidi ya 400 za picha. Kwa hesabu hiyo ilipaswa kuwa vurugu. Lakini ichezeshe sehemu yoyote ya mbio za magari huku umekaza macho katikati ya skrini, utaona kwamba uso, bunduki, usukani, chochote unachopaswa kukiona, kiko palepale jicho lilipoachwa na picha iliyotangulia. Jicho halitangitangi. Ndiyo maana unajua nani yuko gari gani hata picha ikidumu chini ya sekunde moja. Ni kweli kwamba mwongozaji George Miller alitaka mambo muhimu yapigwe katikati, na sifa hiyo wagawane na mpiga picha John Seale. Kazi ya Sixel ilikuwa kuchagua, ndani ya mlima ule, picha zinazopokezana bila kupoteza jicho.

Kuna namna ya kukosoa ambayo naiona haina faida: kuwinda glasi iliyokuwa nusu na sasa imejaa, au mkono uliokuwa begani na sasa uko mezani. Walter Murch, aliyeshinda Oscar ya uhariri na ya sauti kwa filamu moja, The English Patient, anafundisha katika kitabu chake kwamba hisia huja kwanza, na kuendana kwa nafasi ya watu na vitu huja mwisho kabisa. Mhariri anaweza kuchagua picha yenye glasi isiyolingana kwa sababu ndani yake macho ya mwigizaji yanasema kweli. Hilo ni chaguo sahihi.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba sisi hatukuona picha zilizotupwa, kwa hiyo hatuwezi kujua mhariri alifanya nini. Ndiyo maana wateule huchaguliwa na wahariri wenzao ndani ya Akademia inayotoa Oscar, na wanachama wote hupiga kura baadaye kumpata mshindi. Lakini hata wahariri hawakuiona mikanda ya wenzao, na hawana kinga ya kukosea. Baada ya Ordinary People ya mwaka 1980, kila filamu iliyoshinda Oscar ya Filamu Bora ilikuwa imeteuliwa pia kwa uhariri, hadi Birdman ya mwaka 2014 ilipoukata mnyororo huo. Birdman imeunganishwa ionekane kama picha moja isiyokatika. Mikato imefichwa gizani na kwenye kuta, na mwendo wa kila onyesho ulipaswa kupangwa mapema kwa kuwa baadaye pasingekuwa na pa kukimbilia. Sioni sababu nzuri ya kuiacha nje. Aliyedhani hapakuwa na uhariri pale alihesabu mikato badala ya kuipima.

Kwa kipimo hichohicho, naona Oscar ya uhariri ya Februari 2020 ilikwenda kwa jirani wa mwenye haki. Ford v Ferrari ina mbio zilizokatwa vizuri sana. Lakini mhariri Yang Jin-mo, katika Parasite, ana zile dakika chache ambazo familia ya Kim inamwondoa mtumishi wa nyumba kwa kutumia mzio wake wa mapichi. Baba anafundishwa na mwanawe maneno ya kumwambia Bi Park, mwenye nyumba. Anaanza sentensi akiwa nyumbani kwake, katika mazoezi, nasi tunaisikia ikiendelea mbele ya Bi Park mwenyewe. Mkato mmoja unatuonyesha njama na utekelezaji wake kwa wakati mmoja, pamoja na wepesi wa mwanamke yule kuamini. Halafu mchuzi wa pilipili unamwagwa kwenye karatasi ya kufutia pua ili ufanane na damu. Ondoa mkato wowote pale, na kuna jambo la hadithi utakalolikosa. Kwenye mbio za Le Mans za Ford v Ferrari unaweza kuondoa kadhaa na gari likafika vilevile.