Sumaku ya Dunia na Vifo vya Viumbe Vidogo vya Bahari

Mwaka 1971 mwenye elimu mmoja wa Marekani, James D. Hays wa Chuo Kikuu cha Columbia, alitoa andiko juu ya kutoweka kwa viumbe vidogo vya bahari na kugeuka kwa sumaku ya dunia. Wako watu waliochukua hoja ya namna hiyo na kuifanya tisho la mwisho wa dunia. Waamini wakisikia hayo hutuuliza, na katekista asiye na jibu huwaachia nafasi wahubiri wa hofu. Basi tuipime hoja yenyewe.

Dunia yetu ni kama sumaku kubwa, kwa sababu ya chuma kilichoyeyuka kinachozunguka ndani yake kabisa. Nyakati fulani sumaku hiyo hupungua nguvu, halafu hugeuka, hata busola iliyoelekea kaskazini ingeelekea kusini. Bernard Brunhes aliona alama za jambo hilo katika mawe ya Ufaransa mwaka 1906. Mara ya mwisho ilikuwa miaka karibu 780,000 iliyopita. Tena si kazi ya siku moja. Huchukua maelfu ya miaka.

Hays alichunguza nguzo 28 za matope zilizotolewa chini ya bahari. Ndani yake alihesabu radiolaria, viumbe visivyoonekana kwa macho, vyenye mifupa kama kioo. Aliona kwamba katika miaka milioni 2.5 aina 8 zilitoweka, na 6 kati yake zilitoweka mara baada ya sumaku kugeuka. Akafikiri kwamba kugeuka huko kunawadhuru viumbe, moja kwa moja ama kwa njia nyingine.

Twasifu kazi hiyo. Ametoa hesabu yake wazi, hata mpinzani aweza kuipima. Lakini hesabu ni kitu kimoja, na sababu ni kitu kingine.

Kwanza, waseminari wa filosofia wanalijua kosa liitwalo post hoc, ergo propter hoc. Miombo ya Katanga huchipua majani mekundu kabla ya mvua ya kwanza. Je, majani ndiyo yanayoleta mvua? Aina 8 ni chache mno, na katika muda ule ule sumaku iligeuka mara kadhaa. Tena aina nyingi nyingine zilipita salama katika mageuzo yale yale.

Pili, wengine husema kwamba ngao ya sumaku ikipungua, mianzi kutoka mbinguni hushuka na kuua. Lakini hewa iliyo juu yetu ina uzito sawa na maji ya mita 10, nayo haiondoki sumaku ikipungua. Na radiolaria wanakaa ndani ya bahari. Maji yenyewe ni ngao ya pili.

Tatu, na hili ndilo kubwa. Tangu miaka milioni 121 hivi iliyopita mpaka milioni 83, sumaku karibu haikugeuka kamwe. Hata hivyo, miaka milioni 94 iliyopita, oksijeni ilipopungua baharini, aina nyingi za viumbe vidogo zilikufa. Miaka milioni 66 iliyopita jiwe kubwa lilianguka Chicxulub, Mexico, na viumbe vingi vya bahari vikaangamia. Sumaku haikuwa ikigeuka wakati huo. Kumbe kifo huja bila mageuzo, na mageuzo huja bila kifo.

Hays mwenyewe hakukwama hapo. Mwaka 1976, pamoja na John Imbrie na Nicholas Shackleton, alionyesha kwa matope ya bahari jinsi njia ya dunia kulizunguka jua inavyopanga nyakati za barafu. Huo ndio mwenendo wa mwenye elimu wa kweli: hurudi kwenye matope na kuuliza tena.

Na sisi je? Mtakatifu Agustino, katika kitabu chake juu ya Mwanzo, aliwaonya Wakristo wasiseme ovyo juu ya mambo ya viumbe, wasije wakaifanya imani kuwa kichekesho mbele ya wasioamini. Siku ya mwisho Bwana hakutupa sisi kuihesabu. Mtu akiongoka kwa hofu ya busola, busola isipogeuka atarudi alikotoka. Tukiulizwa, tujibu kwa ukweli: hoja hii haijathibitishwa. Kisha tumhubiri Kristo.