Ufundi wa Kusimulia na Kueleza

Mwalimu mmoja mstaafu wa Malindi, katika milima ya Usambara upande wa Lushoto, huwaketisha vijana barazani kwake alasiri, ukungu ukisha kutanda juu ya makonde ya kabichi, akawafundisha jambo ambalo madarasa yetu yanaliacha lipotee: kwamba habari ya kweli ina njia mbili za kuandikwa, kusimulia na kueleza, na kila njia ina adabu yake.

Kwa njia ya kwanza huwasomea Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy kilichopigwa chapa na misheni ya Magila, kisha kikatolewa tena Nairobi mwaka 1962. Humo Mbegha, mwindaji aliyenyimwa urithi na jamaa zake, alitoka Ngulu na mbwa wake, akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akawagawia watu nyama, hata akaishia kutawalishwa Vugha, huko huko Usambara, na ukoo wake ndio Wakilindi. Hapo mwalimu hufunga kitabu akauliza: ukarimu wa Mbegha tumeujua kwa sifa au kwa tendo? Vijana hubishana, na yeye hawaharakishi.

Kwa njia ya pili huwasomea Desturi za Wasuaheli za Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, kitabu cha mwaka 1903, ambamo hamna shujaa, bali mambo ya arusi, malezi na matanga yamepangwa kwa taratibu hata mgeni akayafahamu. Kisha kila kijana huandika habari za shamba la viazi la kwao mara mbili: kwanza asubuhi moja ya mvua iliyochukua matuta, na pili jinsi viazi vinavyopandwa. Aliyechanganya huulizwa tu, “Hapa uliacha kueleza ukaanza kusimulia; ulikusudia?” Akiwa alikusudia, husamehewa.

Siku hizi mwanafunzi hukaririshwa utangulizi, kiini na hitimisho, pamoja na sifa za insha ya kisanaa na isiyo ya kisanaa, akajibia mtihani (nami sina ugomvi na mtihani), akafaulu bila ya kuwahi kuandika aya moja inayomfanya mtu aone. Na haya yatendeka katika mkoa ule ule wa Tanga alimozaliwa mwandishi Shaaban Robert, ambaye mkono wake ulioandika Kielezo cha Insha ndio uliosimulia pia maisha ya mwimbaji Siti binti Saad.

Nawasihi walimu wa Lushoto: kabla ya kuandika ubaoni tofauti za insha, wasomeeni watoto kurasa chache za Habari za Wakilindi, maana ni habari za milima yao wenyewe.