Skyler alichukiwaje? Kazi ya kamera na kalamu katika Breaking Bad

Agosti 2013, majuma machache kabla ya Breaking Bad kufika mwisho, Anna Gunn aliandika makala katika gazeti la New York Times. Ndiye aliyekuwa akiigiza Skyler, mke wa Walter White, na alieleza jinsi chuki dhidi ya mhusika wake ilivyotoka kwenye runinga ikamfikia yeye mwenyewe. Kuna mtu aliyeuliza mtandaoni atampata wapi ili amuue. Na kosa la Skyler ni lipi hasa? Mumewe, mwalimu wa kemia huko Albuquerque, anapika methamfetamini, anaua, anadanganya kila siku ya Mungu. Yeye anamuuliza alikuwa wapi.

Jibu jepesi ni kwamba watazamaji wengi hawawapendi wanawake. Vince Gilligan, aliyeibuni tamthilia hiyo, alisema hivyo mwaka huohuo bila kumung'unya maneno. Lakini mwaka 2022 aliongeza jambo zito zaidi: akitazama nyuma, aliona hadithi ilipangwa tangu mwanzo kumbeba Walter, kwa sababu yote yalisimuliwa kwa macho yake, hata katika maonyesho ambayo hayumo. Kauli hii ya pili ndiyo inayomfaa anayetaka kujua filamu inavyoundwa. Chuki ile ilikuwa na mafundi wake.

Tuanze na mpangilio wa taarifa. Sehemu ya kwanza, iliyorushwa Januari 2008, inafunguka kwa Walter kusimama jangwani na chupi, akirekodi ujumbe wa video kwa familia yake. Hatujui amefanya nini, ila tumeshaanza kumhurumia. Kisha tunarudishwa nyuma: ametimiza miaka 50, darasani hasikilizwi, akitoka shule anaosha magari, na mwanafunzi wake mmoja anamkuta hapo akisugua gari lake. Daktari anamwambia ana kansa ya mapafu. Sisi tupo chumbani pale, Skyler hayupo. Tangu dakika hiyo mtazamaji na mume wana siri yao, na mke yuko nje. Swali lake lolote, hata liwe la haki kiasi gani, linasikika kama kero, kwa kuwa sisi jibu tunalo.

Naye Skyler anatambulishwaje? Usiku wa sikukuu ya kuzaliwa ya mumewe anampapasa kitandani huku macho yakiwa kwenye kompyuta, akifuatilia mnada wa mtandaoni. Onyesho linachekesha, na anayechekwa ni yeye. Kwamba ni mjamzito, kwamba ana mtoto wa kiume mwenye ulemavu, kwamba hesabu za nyumba anazibeba yeye, hayo yote yamo, lakini yamepita nyuma kama samani.

Ufundi wenyewe unaonekana vizuri zaidi katika sehemu ya pili. Skyler anakwenda nyumbani kwa Jesse, mshirika wa Walter, kumwonya asimuuzie mumewe bangi. Walter hayupo. Kwa kawaida onyesho kama hilo lingekuwa la mke: ndiye aliyeingia kwa miguu yake, ndiye anayetaka kitu. Lakini sisi tunajua kwamba hapohapo kwa Jesse kuna maiti. Hivyo hatungoji Skyler afanikiwe, tunaomba asione. Mioyo inatudunda kwa ajili ya mtu ambaye hata hayumo kwenye picha. Sijui mfano bora wa kumfundisha mwanafunzi wa uandishi kwamba mwenye onyesho si lazima awe yule anayeonekana.

Mwishoni mwa msimu wa pili ni hivyohivyo. Binti yao Holly anazaliwa wakati baba yake yuko mbioni kupeleka mzigo wa dawa. Kamera haikwenda leba na mama. Ilikwenda na mzigo.

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanalielewa hili bila kufundishwa. Steringi ni steringi, awe jambazi awe askari, na anayemzibia njia anazomewa. Tamthilia ilimpa Walter lengo jipya karibu kila sehemu: apate pesa, afiche pesa, atoroke, alipize. Skyler ikampa kazi ya kuzuia. Hata alipoingia dhambini mwenyewe, akaanza kuzipitisha pesa chafu kwenye biashara ya kuosha magari, akafikia hatua ya kupendekeza Jesse auawe, hakuhesabiwa kuwa mtu mwenye giza linalovutia. Uovu wa Walter ulipewa misimu mitano ya sababu. Wa kwake uliachwa hivihivi.

Lakini ufundi peke yake hautoshi kueleza kila kitu, na hapa namrudia Gilligan wa 2013. Hank, shemeji yao, ni askari wa kupambana na dawa za kulevya. Hakuna anayemzibia Walter njia kuliko yeye, na watazamaji walimpenda. Gus Fring, bosi wa biashara ya dawa hizo, alikuwa adui kamili, akaheshimiwa. Wote wawili wanaume, kila mmoja na kazi yake, silaha au himaya. Mpangilio wa hadithi ulifungua mlango, na kilichoingia kilikuwa kimeshakaa nje kinangoja.

Waandishi waliliona, tena kabla ya mwisho. Katika sehemu inayoitwa Fifty-One, msimu wa tano, iliyoongozwa na Rian Johnson, Skyler anatembea na nguo zake hadi ndani ya bwawa la kuogelea wakati Walter anaendelea kuongea. Baadaye wanabaki wawili chumbani. Anataka watoto waondoke nyumba ile. Kila njia anayoitaja, Walter anaivunja, huku akimsogelea hatua kwa hatua, naye anarudi nyuma mpaka chumba kinamwishia. Silaha iliyobaki ni moja tu, na anaitamka: kungoja kansa irudi. Safari hii siri haipo, vichekesho havipo, na tunamwogopa Walter pamoja na mkewe. Gunn alishinda tuzo ya Emmy mwaka 2013 na tena 2014.

Kisha Ozymandias, iliyoandikwa na Moira Walley-Beckett. Walter anapiga simu nyumbani polisi wakisikiliza, anamtukana mkewe: mlalamikaji, asiye na shukrani, asiyesikia. Anafanya hivyo ili sheria imwone mke kuwa hana hatia. Ila maneno aliyowekewa mdomoni ni yaleyale ambayo mashabiki walikuwa wakiyasema kwa miaka. Mimi nalisoma onyesho hilo kama kioo walichogeuziwa watazamaji, na ni la kikatili kweli.

Linganisha na Better Call Saul, tamthilia ya Gilligan na Peter Gould iliyoanza 2015. Kim Wexler, aliyeigizwa na Rhea Seehorn, naye ni mwanamke anayeishi na mwanaume tapeli, Jimmy. Katika msimu wa pili, ameadhibiwa ofisini kwa kosa lisilo lake, na mapumziko yake anayatumia kwenye ngazi za jengo, simu sikioni, vikaratasi vya majina ukutani, akitafuta mteja mkubwa. Anampata. Anashangilia peke yake. Jimmy hayumo, na hatumuwazi. Msimu wa tatu anasinzia kwenye usukani kwa uchovu wa kazi, gari linaacha njia, na ajali ile ni yake.

Baadaye Kim anashiriki njama ya kumchafua wakili Howard Hamlin, na Howard anaishia kupigwa risasi ndani ya sebule yao. Kwa mizani ya damu, amefanya mabaya kuliko Skyler. Lakini alipolia kwenye basi la uwanja wa ndege, katika sehemu ambayo Gilligan aliiandika na kuiongoza mwenyewe, watazamaji walilia naye. Kim hakuandikwa awe mwema. Aliandikwa awe na jambo lake kabla hajawa mwenza wa mtu.

Kusimulia kwa macho ya mwovu si kosa, na singependa Breaking Bad iandikwe upya. Msimu wa tano ulimtendea Skyler haki, ila ulikuta misimu minne imeshamzoeza mtazamaji upande wa kusimama. Wanaoandika tamthilia zetu, ambamo mke mlalamishi na mama mkwe mkorofi hawakosekani, wachukue kurasa kumi za kwanza za mswada wao na kuhesabu maonyesho ambamo mwanamke anataka kitu ambacho si mume wake.